Tone Si Kipimo

Kwenye foleni ya maji tunaambiana mambo, na moja limenichosha: eti bangi inaponya mgongo. Eti weka matone matano kwenye chai, ulale, kesho utalima. Mimi nauliza: matone matano ya nini?

Simcheki anayeumwa. Jerikani ya lita 20 ikijaa ni zaidi ya kilo 20, na hapa Nakivale kuna mama anabeba nne kwa siku, kisha anashika jembe. Mgongo lazima ulie. Anaenda kliniki, anapewa Panadol, anarudi. Na hiyo Panadol? Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya mgongo wa chini: waliopewa parasetamoli hawakupona haraka kuliko waliopewa vidonge vitupu. Basi mtu anayetafuta kitu kingine si mjinga. Amechoka.

Lakini anachouziwa pale senta si dawa. Dawa ina kipimo. Kule bangi ya tiba inakoruhusiwa, daktari anapima kwa miligramu ile kemikali inayolewesha, THC. Anaanza chini kabisa, kama 2.5, anangoja siku kadhaa, ndipo anaongeza. Chupa ya senta haina hata lebo. Aliyepika mafuta hayo mwenyewe hajui tone lake lina miligramu ngapi. Tena bangi ya kunywa inachelewaga: saa moja, mbili, hata tatu. Mzee anakunywa, haoni kitu, anaongeza. Usiku moyo unamwenda mbio, anaanguka njiani kwenda chooni. Kwa mjamzito, au mtu aliyewahi kuugua akili, hatari ni kubwa zaidi. Na mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilikataa kuunga mkono bangi kwa maumivu kwa sababu ushahidi hautoshi.

Nyinyi wa mashirika, msishangilie bado. Kubandika karatasi ya "bangi ni haramu" hakutibu mgongo. Sheria ya Uganda ya 2023 tunaijua: bila kibali cha serikali, ni kosa. Tunajua pia kwamba kule Kasese bangi ya tiba imelimwa kwa leseni ili iuzwe nje. Mgonjwa wa ng'ambo anapimiwa. Wa Rubondo anabahatisha.

Msiseme kupima ni kazi ya Ulaya. Hapo Mbarara, Hospice imekuwa ikiwahudumia wagonjwa tangu 1998, na morfini ya maji inatolewa kwa kipimo. Tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Siombi morfini kwa mgongo wa kawaida. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 umeikataa kwa mgongo unaouma muda mrefu. Naomba uangalifu uleule.

Mwongozo huohuo unataja mazoezi, kumfundisha mgonjwa, kukandwa na mtu anayejua, na dawa za aina ya ibuprofeni kwa anayefaa kuzitumia. Hakuna hapo kitu cha ajabu. Leteni mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Mbarara, awe na siku zake zinazojulikana Base Camp, Juru na Rubondo. Wafundisheni VHT mazoezi. Sogezeni bomba, au toeni matoroli: huwezi kutibu mgongo huku unaupakia jerikani.

Nasi wakaaji tujue dalili zisizongoja foleni: miguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka wenyewe. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mgongo wenye homa au kukonda nao upimwe mapema. TB inaingiaga hata kwenye uti wa mgongo. Mtu kama huyo ukimpa matone, umemlaza tu wakati ugonjwa unaendelea kumla.

Anayeuza aseme ni miligramu ngapi. Akishindwa, asituitie dawa.