Kidole Gumba Kilichopinda na Gango Lake

Mwezi uliopita mama mmoja, katika wazazi wa watoto tunaowasomesha, alitujia nyumbani na suala la udhu. "Maalim," alisema, "gango hili nilivaalo mguuni, je, yanijuzu kupangusa juu yake kama afanyavyo aliyevunjika mfupa?" Jawabu ilikuwa nyepesi: ruhusa hiyo ni ya yule ambaye kulifungua gango kwamdhuru. Lake hufunguka bila ya taabu, basi na alivue, aoshe mguu mpaka baina ya vidole.

Walakini ahali yetu aliutazama mguu wenyewe, akaona kidole gumba kimekilalia cha pili, na ubavuni pametoka nundu nyekundu. Mama yule akasema kuwa kikao cha tahiyatu chamliza, na kuwa aliyemuuzia gango alimwahidi mfupa utanyoka kwa miezi miwili.

Ndugu wasomaji, wengi hudhani nundu ile ni mfupa mpya ulioota. Sivyo. Ni kichwa cha mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole gumba. Mfupa huo umesogea kuelekea mguu wa pili, nacho kidole kimevielemea vidole vingine. Kano zilizokuwa zikikivuta sawasawa sasa hukivuta upande, mfano wa kamba ya upinde. Gango hukirudisha kidole mahali pake muda livaliwapo. Likivuliwa asubuhi na mtu akausimamia mguu, kano hukivuta tena. Lapunguza maumivu kwa baadhi ya watu, na hilo si dogo. Ama kuunyosha mguu wa mtu mzima ukabaki umenyoka, hilo halikuthibiti. Kinyoshacho ni kisu cha tabibu, naye huukata mfupa na kuupanga upya, kisha mtu hukaa majuma kadhaa kabla ya kurejea mwendo wake. Na hata hapo mara nyingine hupinda tena. Kwa hiyo hupasuliwa mwenye kuumwa, si mwenye kutaka mguu mzuri.

Na sisi tuna sababu ya kuyasema haya. Ahali yetu ana maradhi ya sukari. Miaka minne iliyopita tulimnunulia gango kama hilo, tukalifunga kwa mkono wetu wenyewe, tukaukaza ukanda ili lifanye kazi upesi. Maradhi ya sukari yakikaa hufisha hisia za nyayo, basi hakuhisi kitu. Asubuhi ya tatu tulikuta ngozi ya juu ya nundu imechubuka. Kidonda kile kilikwenda miezi mitatu, na muuguzi aliyekisafisha alituambia waziwazi kuwa wako waliokatwa mguu kwa kidonda kidogo kuliko kile. Mwenye sukari asivae gango ila kwa idhini ya tabibu.

Ama asili ya maradhi haya, aghlabu huwamo katika ukoo, na wanawake hupatwa zaidi ya wanaume. Lakini viatu navyo vina fungu lao. Mwaka 1958 matabibu wawili wa Hong Kong, Lam Sim-Fook na A. R. Hodgson, waliwalinganisha Wachina wavaao viatu na wasiovaa. Katika wavaao, 33 kwa kila 100 walikuwa na kidole kilichopinda. Wasiovaa hawakufika 2. Hatusemi watu watembee miguu mitupu, kwani safura nayo yatungoja. Twasema juu ya viatu tuvionavyo mlangoni mwa madrasa kila baada ya sikukuu, vya wasichana wa miaka minane, ncha zake kama mkuki.

Tulimwambia mama yule asimame juu ya karatasi wakati wa jioni, mguu ukiwa umejaa, auchore kwa kalamu, kisha aweke kiatu chake juu ya mchoro. Alirudi baada ya siku mbili. Mchoro ulikizidi kiatu kwa upana wa kidole. Gango bado hulivaa usiku kwa kuwa lampumzisha, nasi hatukumkataza. Viatu alivipeleka kwa fundi vitanuliwe, na fundi amesema ngozi ile haitanuki.