Mgonjwa wa kiharusi naye aulizwe uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo huwafaa wanaomwuguza mtu mwenye homa ya siku mbili tatu. Kwa aliyenusurika kiharusi, hata hivyo, yaweza kumgharimu mkono, mguu na hata uwezo wa kusema.

Kiharusi hutokea mshipa wa damu uendao ubongoni unapozibwa au kupasuka. Inakadiriwa kwamba takriban watu milioni 12 duniani hupatwa nacho kwa mara ya kwanza kila mwaka, na shinikizo la damu ndilo chanzo kikuu. Wengi hunusurika. Hata hivyo, huachiwa ulemavu ambao dawa pekee haziwezi kuuondoa.

Hapo ndipo safari ngumu huanzia. Mara nyingi mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani pindi hali yake inapotulia, akiwa na vidonge mkononi na tarehe ya kurudi kliniki. Mtaalamu wa tiba ya viungo huenda yuko katika hospitali ya kaunti, na nauli ya teksi ya kumfikisha huko mtu asiyeweza kupanda matatu ni mzigo kwa familia nyingi. Baada ya ziara chache, safari hukoma.

Jukumu lote basi huangukia jamaa, na aghalabu huwa ni mke, binti au mkaza mwana. Kwa mapenzi, humlisha mgonjwa, humvisha na kumwogesha. Hata kikombe cha chai hushikiwa. Majirani huwasifu kwa utunzaji huo, lakini kuna hatari ambayo wachache huiona.

Ubongo una uwezo wa kujipanga upya, ili sehemu zilizosalimika zichukue baadhi ya kazi za zile zilizokufa. Uwezo huo huamshwa na mazoezi ya kurudiarudia. Mkono usiotumiwa hudhoofika zaidi, na mwenyewe huzoea kuusahau.

Mtafiti Edward Taub wa Marekani aliita hali hiyo kujifunza kutotumia kiungo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006, uliohusisha wagonjwa 222, baadhi yao walivishwa glavu nzito kwenye mkono mzima kwa wiki mbili huku ule dhaifu ukifanyizwa kazi. Walipata nafuu kuliko wenzao, na nafuu hiyo ilidumu kwa angalau mwaka mmoja.

Haifai, lakini, familia kukimbilia kufunga mkono wa mgonjwa. Mbinu hiyo ilijaribiwa kwa watu waliokuwa na uwezo kiasi wa kusogeza kifundo na vidole, chini ya usimamizi wa wataalamu. Funzo lake pana ni kwamba kumfanyia mgonjwa kila kitu ni kumnyima dawa.

Kutokana na maarifa kama hayo, mataifa kadhaa yameanza kumfunza mgonjwa kusimamia nafuu yake mwenyewe. Badala ya kuamriwa, huulizwa ni jambo gani angependa kulifanya tena. Mmoja atasema kufunga leso yake, mwingine kutembea hadi msikitini au kanisani, mwingine kuhesabu chenji dukani. Lengo hilo hugawanywa katika hatua ndogo, naye hupima maendeleo yake siku baada ya siku.

Tathmini iliyotolewa mwaka wa 2016, iliyokusanya matokeo ya tafiti 14, ilionyesha kwamba mafunzo ya aina hiyo huboresha maisha ya waathiriwa na kuwapa imani kwamba wanaweza. Manufaa hayo si makubwa mno, lakini ni ya kweli.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao serikali hazina budi kuutazama. Nchini India, utafiti mkubwa wa wagonjwa 1,250 ulijaribu kuwafunza jamaa ili waendeshe tiba nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yaliwavunja moyo wengi: baada ya miezi sita, asilimia 47 ya wagonjwa walikuwa wamefariki au wakitegemea wengine, sawa kabisa na wale ambao familia zao hazikupewa mafunzo hayo.

Maana yake ni kwamba familia haiwezi kugeuzwa kuwa mtaalamu wa bei nafuu. Kumsaidia mtu ajisimamie na kumwachia mzigo ajibebee ni mambo mawili tofauti. La kwanza huhitaji mtu wa kumfuatilia, kumsahihisha na kumtia moyo. La pili huhitaji tu mlango wa hospitali kufungwa nyuma yake.

Kuna mambo ambayo mgonjwa na jamaa zake hawawezi kuyabuni wenyewe. Mkono uliopooza usivutwe wakati wa kumwinua, kwani bega laweza kuteguka. Asilishwe akiwa amelala, na akikohoa kila anapokunywa achunguzwe, maana chakula chaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Dawa za shinikizo zisikatizwe kwa sababu amejihisi vyema, kwa kuwa aliyepatwa mara moja yumo katika hatari ya kupatwa tena.

Jingine ni huzuni. Takriban mtu mmoja kati ya watatu walionusurika hukumbwa na msongo mkali wa mawazo, na anayekataa mazoezi huenda akaitwa mvivu ilhali anaugua. Katika jamii ambako kiharusi bado huhusishwa na majini au uchawi, aibu huongeza kimya chake.

Kenya haianzi mikono mitupu. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, na Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya nyanjani wapatao 100,000, waliopewa mikoba yenye vifaa vikiwemo vya kupima shinikizo la damu. Hao tayari hubisha hodi vijijini. Wakifunzwa kutambua hatari za kiharusi na kukagua mazoezi rahisi, wanaweza kuwa kiungo kati ya kitanda cha nyumbani na mtaalamu wa hospitalini.

Sheria nazo zipo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 humhakikishia kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachowezekana. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, ina hazina ya huduma za msingi na nyingine ya dharura na maradhi sugu. Kipimo cha mageuzi hayo hakitakuwa idadi ya waliosajiliwa pekee, bali pia iwapo mgonjwa wa kijijini atapata mtu wa kumwonyesha jinsi ya kusimama tena.

Hatua za kwanza hazihitaji mabilioni. Kila anayeruhusiwa kutoka hospitalini apewe mpango ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, jina la mhudumu atakayemtembelea na nambari ya simu ya kuuliza. Jamaa wamwinue mgonjwa mbele ya mwuguzi kabla ya kuondoka, si kuelezwa tu kwa mdomo. Nao walionusurika wakutanishwe, kwani anayejifunza kutembea humwamini zaidi aliyewahi kuanguka.

Jamaa nao wana la kujifunza, na pengine ndilo gumu zaidi: kuketi kando, kikombe kikiwa mezani, na kungoja mkono unaotetemeka ukifikie. Chai itamwagika mara kadhaa. Lakini siku atakapoulizwa kama anataka uji, akajibu na kuunyanyua mwenyewe, hapo nafuu itakuwa imeanza.