WATOTO WA FUNDI HAWALI "MASHALLAH"

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu yangu katika imani, leo nina ukali kidogo, na naanza na nafsi yangu.

Miaka kadhaa nyuma msikiti wetu ulihitaji mlango wa nakshi. Nilikwenda mwenyewe kwa fundi. Alipotaja bei nikamwambia: "Fundi, hii ni nyumba ya Allah. Tupunguzie, malipo yako yako Akhera." Akainamisha kichwa, akasema, "Haya sheikh." Mlango ukaja, watu wakasema mashallah. Mwezi ule ule nikasikia mwanawe karudishwa nyumbani kwa kukosa mchango wa skuli.

Yule fundi hakutoa sadaka. MIMI ndiye niliyetoa sadaka, kutoka mfukoni mwake.

Mali ya mtu si halali kwako ila kwa ridhaa ya moyo wake. Anayekubali kwa kumuonea haya sheikh, au shemeji, au jirani, huyo hajaridhia.

Na si mlango tu. Mchora hina unamwambia, "Dada, si maua mawili matatu tu?" Mshona kofia ya viua anatoboa tundu moja moja kwa wiki nyingi, wewe unampa bei ya kofia ya mashine. Mwandishi wa khati unamwambia, "Si kuandika tu?" Mbona dukani kwenye mchele huitaji Akhera? Mbona petroli huilipi kwa dua?

Hebu tupige hesabu. Tuseme mlango mdogo: mbao na vanishi 600,000. Msaidizi siku 30 kwa 10,000, ni 300,000. Kodi ya kibanda, umeme na kunoa patasi 100,000. Jumla milioni moja, na fundi mwenyewe bado hajajilipa hata senti. Wewe unakuja na "milioni moja, mwisho." Maana yake umemfanyisha kazi mwezi mzima BURE, kisha unaondoka ukijisifu kuwa unajua kupatana.

Kupatana bei si kosa. Kosa ni kuivalisha dhulma kanzu ya dini.

Nani angestahili kuhudumiwa bure kuliko Mtume s.a.w.? Lakini alipoumikwa na Abu Taiba, aliamuru apewe pishi ya tende, na akawaambia mabwana zake wampunguzie kile walichokuwa wakimtoza. Na katika hadithi aliyoipokea Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni aliyemuajiri mtu, akamaliza kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Unaijua hiyo? Basi iogope.

Na wewe fundi, usichekelee. Una yako.

Kwanza, TAJA BEI kabla hujashika patasi. Hiyo "utanipa chochote" ndiyo mama wa ugomvi. Kazi ya kuagizwa yataka ijulikane sifa yake, bei yake na siku yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamuru tuandike madeni. Basi nunua daftari.

Pili, advansi ni mbao ya mteja, si mboga ya nyumbani kwako. Fundi anayekula pesa ya mteja wa kwanza, kisha akamnunulia mbao kwa pesa ya mteja wa tatu, huyo anazungusha deni, na ndiye anayejificha simu ikilia. Weka pesa ya kazi mbali, jilipe ujira wako, ule huo.

Tatu, ukitaka kumsaidia mtu, sema wazi: "Bei yangu ni hii, nimekuachia kiasi hiki kwa ajili ya Allah." Hapo umetoa kwa hiari na thamani ya kazi yako inajulikana.

Mimi nilimrudia yule fundi. Nikamuomba radhi, nikamlipa kilichobaki kidogo kidogo mpaka kikesha. Sikufa.

Nawe, hapa unaposoma, yuko mtu umemkumbuka. Mpigie leo kabla ya Isha, mumalizane.

Allah atutakasie chumo letu na asitukutanishe na jasho la mtu Siku ya Hesabu. Amin. Mfikishie na mwenzako.