Stima Yetu, Mto Wao

Najua nimepotea wiki tatu nzima, mnisamehe. Asaimenti zimenikalia shingoni.

Jana usiku stima ilipotea hosteli nzima, na mimi sijahifadhi hata ukurasa mmoja. Si mnajua vile huwa, watu wanapiga mbinja madirishani kama wamefunga bao. Mimi nikafoka: "Si tunanunua stima Ethiopia? Basi wajenge mabwawa mengine hata kumi!"

Mwenzangu wa chumbani, kwao ni Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na unajua maji ya hayo mabwawa yalikuwa yanaenda wapi?"

Sikujua. Leo nimeshinda maktaba, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

Bwawa lenyewe ni Gibe III, kwenye mto Omo. Ujenzi ulianza 2006, likazinduliwa Desemba 2016. Lina urefu wa mita 243 kwenda juu. Pandanisha KICC mbili na bado halijafikiwa. Uwezo wake ni megawati 1,870. Sikatai, ni kazi kubwa, na Mwethiopia aliyekuwa akisoma kwa koroboi ana haki ya taa kama mimi.

Lakini chini ya bwawa kuna watu. Wamursi, Wabodi, Wakwegu, Wakara, Wanyangatom, Wadaasanach. Kila mwaka mvua ikinyesha milimani, Omo ulikuwa unafurika. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba kingoni, na hapo wanapanda mtama. Hawanunui mbolea wala hawachimbi mfereji. Kwetu mafuriko ni janga, kwao yalikuwa ndiyo shamba. Bwawa likaanza kujazwa 2015, mafuriko yale yakakatika, na huko chini serikali ikafungua mashamba makubwa ya miwa kwenye ardhi waliyokuwa wakilima na kulisha mifugo.

Omo ndio unaoliletea Ziwa Turkana zaidi ya asilimia 80 ya maji yake. Bwawa lilipokuwa linajazwa, ziwa lilishuka zaidi ya mita moja. Mwaka 2018 UNESCO ikaziweka mbuga za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Huko ndiko wanakoishi Waelmolo, jamii ndogo sana ya wavuvi.

Najua kuna mtu hapa atasema, "Wewe, ziwa si limepanda siku hizi?" Kweli. Miaka ya karibuni mvua zilizidi, ziwa likapanda hadi kijiji cha Komote cha Waelmolo kikazungukwa na maji kikawa kisiwa. Walioonya kwamba ziwa litakauka hawajathibitishwa, tuseme ukweli. Lakini kina cha maji si hadithi yote. Samaki wengi huzaana kufuata majira ya mafuriko, na sasa majira yanaamuliwa na mtu wa mitambo, si mvua. Mvua ikipungua, atafunguliwa maji nani kwanza: mvuvi, miwa, au sisi?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisemi bwawa livunjwe. Nasema hawa watu hawakuulizwa inavyostahili, na sisi tumo ndani. Mwaka 2012 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha fedha za laini ya umeme kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000. Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua, ikianzia megawati 200, kwa mkataba wa miaka 25. Mnunuzi ana sauti. Ukinunua nyanya sokoni unauliza bei na ubora, mbona stima hatuulizi imetoka kwa nani?

Na hii tabia hatukuianza leo. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, linalotaka jamii kama hizi ziridhie kwanza kabla ya ardhi yao kuguswa, Kenya ilijizuia. Ethiopia haikupiga kura kabisa. Nyani haoni kundule.

Ningependa kuona mambo mawili tu. Ratiba ya kufungua maji itangazwe mapema, kwa lugha za watu wa Omo na Turkana, na iwe na mafuriko ya kutosha kupanda mtama. Na wawakilishi wao wakae kwenye meza inayopanga ratiba hiyo, si kuletewa barua baadaye. Ikal Angelei, binti wa huko huko Turkana, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2012 kwa kupigania mambo haya, kwa hiyo hakuna wa kusema hakuambiwa.

Stima ilirudi saa nane usiku. Niliwasha kompyuta, mwenzangu alikuwa amelala. Asubuhi nikamwambia samahani. Akacheka, akasema, "Samahani yako haipandi mtama."

Haya, leteni maoni. Hata wa uhandisi mnaruhusiwa kunikosoa.