Wote wanajua, daktari tu ndiye hajui

Najua nimeadimika hapa kijiweni, na wengine mmeshaanza kuvumisha eti nimepata mchumba. Sijapata mchumba jamani. Nimepata vipele.

Wanaonifuatilia wanajua natibiwa saratani ya tezi, ile inayoitwa Hodgkin. Kwa waliokuja leo: hii saratani inapenda sana vijana wa rika letu, na wengi wanaotibiwa mpaka mwisho wanapona. Kila baada ya wiki mbili naenda kuwekewa dripu. Dawa moja ni nyekundu kama juisi ya rozela, ukienda haja ndogo siku hiyo unaweza kupiga kelele. Hayo yote niliyazoea. Nywele ziliponiaga nikafunga kilemba. Kichefuchefu kilipokuja nikanunua ndimu. Kuwashwa ndio hakuna aliyeniambia habari zake.

Vilianzia mikononi, vikapanda mgongoni, vikashuka tumboni. Mchana nawezana navyo. Usiku sasa, na hili joto la Dar, nikiwa kitanda cha juu cha dabo deka kinacholia nikijigeuza tu! Saa nane nakuna, saa tisa nakuna, saa kumi na moja adhana inanikuta nimekaa na taulo bichi mapajani. Kuna test nimeifanya mkono wa kulia unaandika, wa kushoto unakuna. Sup ikija, sijui nitaandika sababu gani kwenye fomu.

Lakini leo sikuja kulia. Nimekuja kugombana na wajuaji.

Mjuaji wa kwanza ni rumeti zangu. Hawakuniuliza kitu. Niliona tu ndoo zimehamishwa, na kanga zangu kwenye kamba zimeachiwa upande wake zenyewe, kama zimefiwa. Kumbe wameshaamua ni upele. Korido nzima nayo ikaamua ni "ule ugonjwa". Yaani bweni ambalo watu wanabebana wawili kwenye kitanda cha mmoja, mimi ndo wa kuogopwa? Haya sikilizeni: saratani haiambukizi, na vipele vya dawa haviambukizi. Na ingekuwa upele kweli, dawa yake ipo, na chumba kizima tungetakiwa kuitumia pamoja. Kunihamishia ndoo hakumtibu mtu.

Mjuaji wa pili nampenda, ndiyo maana ananiuma zaidi. Mama mkubwa alipiga simu. Hata shikamoo yangu haijaisha: "Mwanangu, hiyo ni sumu ya madripu inatoka. Acha kwanza, kuna mzee huku ana mizizi yake." Mama mkubwa, najua ni mapenzi. Lakini hii tiba ina kalenda, na nguvu yake iko kwenye kuifuata hiyo kalenda. Dripu si daladala, kwamba ukiikosa hii utapanda inayofuata. Na mizizi isiyojulikana kipimo, ikikutana na dawa za saratani kwenye ini, nani atajua nini kimefanya nini?

Wa tatu ni muuza dawa wa barabarani. Aliangalia mkono wangu sekunde mbili, akanipa tyubu. Hakuuliza natumia dawa gani nyingine. Ndani mna steroidi kali, zile zile ambazo wengine wanapaka usoni wapate weupe. Mimi mjinga nikapaka. Siku nne raha mstarehe, nilipoacha vikarudi na ndugu zao. Daktari akipenda anaweza kukuandikia, ila kwa kiasi chake na kwa siku zake. Ukijipakia hovyo, ngozi inakuwa nyembamba, na kama kuna maambukizi yanajificha chini yanaendelea na shughuli zake.

Wa nne ni mhudumu mmoja, mahali sipataji. Nilimwambia nawashwa. Akanitazama: "Wenzio hapa hawawezi hata kula, wewe unalalamikia kuwashwa?" Wadau, nilinywea. Niliona aibu kabisa, nikakaa kimya mwezi mzima. Na nikiwa mkweli, nilikuwa na sababu yangu pia: niliogopa nikisema, dripu itaahirishwa na ratiba yangu ya mitihani itavurugika. Kwa hiyo mjuaji wa tano ni mimi mwenyewe.

Mwisho nikamwonyesha daktari wangu. Akavaa miwani, akaangalia, akauliza, akaangalia tena. Halafu akasema: "Sijui." Kimya kidogo. "Bado sijui. Ila tutatafuta."

Nusura nimkumbatie. Watu wote hao wanajua, halafu aliyekaa darasani miaka yote ile ndiye asiyejua! Lakini yeye ndiye pekee aliyeuliza maswali. Kuwashwa kulianza kabla ya dripu ya kwanza au baada? Kwa sababu Hodgkin yenyewe inaweza kuwasha mtu. Kuna alama kama za fimbo mgongoni? Kwa sababu bleomaisini, moja ya dawa zangu, inajulikana kuacha michirizi ya namna hiyo. Unakunywa vidonge gani vingine? Septrin? Alopurinoli? Hivyo navyo vinaweza kutoa vipele. Kuna malengelenge upande mmoja? Huo unaweza kuwa mkanda wa jeshi, maana kinga ikishuka nao unajitokeza. Umebadilisha sabuni?

Akapima damu, akasimamisha kidonge kimoja, akanipa cha kupunguza kuwashwa. Dripu haikuahirishwa. Vipele vimepungua, havijaisha, na jina bado havina. Nimekubali kuishi navyo hivyo hivyo, lakini si kwa kunyamaza. Nina daftari: tarehe, saa, nilichokula, nilichomeza, na picha za simu. Naoga maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni na mafuta visivyo na manukato, napaka ngozi ikiwa bado na unyevu. Kucha fupi. Nalala na kanga kuukuu ya pamba. Kukiwasha sana naweka kitambaa kibichi badala ya kucha, kwa sababu ngozi ikichanika wakati kinga iko chini, vijidudu vimepata mlango.

Na mengine si ya kuandika daftarini ukangoja kliniki. Homa ya 38 na kuendelea, midomo au uso kuvimba, pumzi kubana, malengelenge, ngozi kubanduka, vidonda mdomoni au machoni: hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na kesho una UE.

Kwa hiyo wajuaji, nawaomba kitu kimoja. Mkimwona mtu anajikuna, muulizeni kwanza. "Pole, umemwambia daktari?" inatosha kabisa. Na wewe unayejikuna kimyakimya kwa kuona aibu kwamba wenzio wana makubwa zaidi, sema. Maumivu hayapangi foleni.

Rumeti mmoja kasoma hii kabla sijaiweka. Hajasema kitu. Ila jioni nimekuta ndoo yangu imejazwa maji, imewekwa katikati ya za wenzangu.

Ngoja nikapige msuli. Mizizi msiniletee.