Mgeni wa Kioo Naye Apewe Jembe



Siku hizi mafundi wenye ngazi na mabunda ya waya mweusi waonekana si mijini tu, bali hata katika vituo vya biashara na makao makuu ya wilaya. Hupita nguzo kwa nguzo, kisha hubisha hodi: "Je, mwataka intaneti ya faiba nyumbani?" Wengine wenu mmekwisha kuulizwa swali hilo. Wengine bado, ila mna mtoto mjini ambaye ameahidi kuwalipia. Basi yafaa tuzungumze mapema, kabla fundi hajatoboa ukuta. Maana kutoboa ukuta ni kazi ya dakika chache, lakini kuishi na kitu kilichoingia kwa tundu lile ni kazi ya miaka.

WAYA HUU NI KITU GANI?

Ndani ya waya ule mweusi haupiti umeme, wapita mwanga. Humo mna uzi wa kioo wenye unene wa milimita 0.125, yaani mkilaza nyuzi 8 ubavu kwa ubavu, zote pamoja zapata milimita 1 tu. Mwanga hukimbia ndani ya kioo hicho kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, nao huchukua barua, sauti na picha.

Aliyeonyesha njia ni Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Mwaka 1966 yeye na mwenzake George Hockham waliandika kwamba kioo kikiwa safi ya kutosha kitapeleka habari mbali. Mwaka 1970 wataalamu wa kampuni ya Corning, Marekani, wakatengeneza kioo cha namna hiyo. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009.

Mwaka huo huo wa 2009 waya mkubwa wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulianza kazi ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy, wenye urefu wa kilomita 10,000 hivi, toka Mtunzini huko Afrika Kusini hadi Port Sudan. Nayo Serikali ya Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa, unaochukua mawasiliano toka pwani kwenda bara. Basi waya unaoletwa mlangoni ni kijitawi cha mwisho cha mti huo mkubwa.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Jambo la kwanza ni hesabu. Kwa mwezi mmoja andikeni katika daftari kila shilingi inayotoka kwa bando: ya baba, ya mama, ya vijana. Msifiche kitu. Tuseme jumla ni shilingi 45,000, na ada ya faiba ni shilingi 55,000 kwa mwezi. Mtu aweza kusema, "Tofauti ni 10,000 tu." La, hesabu hiyo haijaisha! Waya haubebeki. Baba akienda shamba au mnadani, mama akienda sokoni, bado watahitaji bando kidogo. Tena, 55,000 kwa mwezi ni 660,000 kwa mwaka, na ada haingoji msimu wa mavuno. Mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, bali kampuni hutaka chake kila mwezi. Kama hamwezi kuweka kando ada ya miezi michache wakati wa mavuno, ngojeni kwanza. Kungoja si aibu.

Jambo la pili ni maswali. Muulizeni mjumbe wa kampuni, naye ajibu kwa maandishi: Kuunganisha ni bei gani? Kisanduku ni mali yetu au ni cha kuazimwa? Tukiacha kabla ya mwaka kwisha, twatozwa nini? Mnaposema "bila kikomo", je, kasi hupunguzwa tukitumia sana? Waya ukikatika, ni nani atakayekuja, na siku hizo tunalipa?

Jambo la tatu ni kufahamu kasi. Kampuni huhesabu kwa megabiti, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Basi kasi ya megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti 2 na nusu tu. Filamu ya megabaiti 1,000 itashuka kwa dakika 7 hivi, mambo yakiwa mazuri. Lakini hayawi mazuri kila saa, maana uzi mmoja toka kituoni hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Jioni, wote wanapotazama, kasi yaweza kupungua. Hata hivyo, msishawishike kununua kasi kubwa kupita haja. Filamu yenye picha safi hutaka megabiti 5 hivi. Mazungumzo ya kuonana uso kwa uso hutaka chini ya hapo. Nyumba yenye simu nne inatosheka na kasi ndogo ya kampuni nyingi.

ZAWADI YA MTOTO

Hapa nawaomba wazazi na watoto walioko mjini wasikilize wote. Kijana amepata kazi, anawapenda wazee wake, anawafungia faiba na kulipa mwezi wa kwanza. Watu wanasifu. Mwezi wa nne kijana naye ana kodi ya nyumba, ana mtoto mgonjwa, hawezi. Waya unakatwa. Wazee wanaona haya kuuliza, kijana anaona haya kusema, na simu zinapungua. Kitu kilichonunuliwa ili kuwakaribisha kimewatenga! Mtoto mpenzi, kabla ya kuleta fundi, kaa na baba na mama, uwaambie wazi: "Nitalipa kwa muda huu, baadaye tutaona." Nanyi wazee, mkiona mzigo wamlemea, mwambieni aache. Sauti yake kwa simu ya kawaida ni bora kuliko picha yake iliyojaa wasiwasi.

SIKU YA FUNDI

Chagueni ninyi mahali pa kisanduku, msimwachie fundi aliye na haraka. Kiwekwe katikati ya nyumba, juu kidogo, mahali pakavu. Kisifungiwe kabatini, wala kisikae nyuma ya bati, kwa sababu bati huzuia mawimbi ya waifai, na kuta nene huyapunguza. Kwa hiyo msishangae jiko la uani lisipopata. Visanduku vingi vina mawimbi ya namna mbili: ya 2.4 hufika mbali zaidi, ya 5 yana kasi zaidi lakini huchoka upesi.

Uzi wa kioo hauvumilii kukunjwa kama kamba. Ukiukunja kwa kona kali, mwanga huvuja au uzi huvunjika. Msitundike nguo juu yake, wala msiupitishe penye panya, maana huutafuna. Ncha ya waya iliyokatika isichunguliwe kwa jicho: mwanga wake hauonekani, nao waweza kudhuru. Vipande vya kioo navyo huchoma mguu wa mtoto kama mwiba.

Kumbukeni pia kwamba kisanduku hula umeme. Umeme ukikatika, intaneti imekwenda, labda muwe na betri yake ndogo. Radi ikinguruma, chomoeni plagi. Na katika visanduku vingi, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki. Msihangaike kubonyeza-bonyeza, piteni mkaangalie waya nje, kisha mwite fundi.

Pengine kosa haliko kwenu wala kwa fundi wa wilayani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine wakaona intaneti imedorora kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mwenye faiba asitupe laini yake ya simu, wala asiache mambo ya lazima mpaka saa ya mwisho. Mwanafunzi anayetaka kupeleka maombi ya chuo ayapeleke siku tano kabla.

KUISHI NA MGENI

Sasa nasema na baba na mama. Bando la kununua lilikuwa na ukali wake: likiisha, kijana aliweka simu chini akalala. Faiba haiishi. Saa tano usiku bado ipo, saa nane bado ipo. Mlinzi aliyekuwa ni umaskini ameondoka, na ulinzi sasa ni wenu.

Basi wekeni sheria siku ya kwanza, kabla mazoea hayajaota mizizi. Simu na kompyuta zitumike sebuleni, wala si katika chumba kilichofungwa. Wakati wa chakula, simu zote zikae mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza. Sheria ambayo baba haifuati si sheria, ni kelele tu. Usiku, saa mliyokubaliana, kisanduku kizimwe. Ruta nyingi zaweza hata kupangwa zijizime zenyewe, naye fundi awaonyeshe kabla hajaondoka.

Neno la siri alilolikuta fundi libadilishwe, nalo lisitolewe kwa kila apitaye. Jirani akiomba, msimnyime kwa ukali. Mwambieni aje akae sebuleni afanye haja yake. Lakini mkimpa neno la siri, kesho wanalo vijana ishirini nje ya ukuta, na lolote baya watakalolifanya litatoka kwa jina la mwenye nyumba.

Watoto waambieni kwa upole, bila kuwatisha: mtu usiyemjua asikuombe picha, na akiomba, njoo useme, hutapigwa. Neno "hutapigwa" ni la maana sana. Mtoto anayeogopa kiboko humficha adui wake. Nchini Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza picha chafu za watoto; msifute ushahidi, upelekeni polisi.

MPENI JEMBE

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa kioo naye asikae kitini akichekesha watu mwaka mzima. Alime! Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandao yenye vitabu vya shule. Mwanafunzi asiye na kitabu asome humo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua. Baba ausome kabla ya kupanda. Mama mshonaji apeleke picha za nguo zake kwa wateja wa mjini. Bibi aone uso wa mjukuu aliyezaliwa mbali. Mwisho wa kila mwezi, siku ya kulipa ada, kaeni pamoja muulizane: mgeni wetu amelima nini mwezi huu? Jibu likiwa ni vichekesho na mpira peke yake, mjue la kufanya.

Nanyi ambao waya haujafika kwenu, msijione mmesahauliwa na dunia. Hesabu ya daftari anzeni leo, sheria za simu anzeni leo. Mambo hayo hayahitaji fundi. Tena shauriana na wenzenu: waya mmoja ukifika shuleni au zahanati waweza kufaa watu wengi kuliko waya kumi katika nyumba kumi. Peleka neno hilo katika mkutano wa kijiji, mkiwa mmejua bei, kasi na faida yake, na atakayesimama kusema asimame na hesabu mkononi.