Kompyuta ya Kutazamia Picha Nyumbani



Mzazi mmoja wa Kashai, mjini Bukoba, ametuletea shauri lake. Vijana wake hutoka usiku kwenda katika vibanda vya video, naye hajui wanaonyeshwa nini humo. Ameona bora picha zitazamwe nyumbani, mbele ya watu wote. Na katika mashine hiyo hiyo azihifadhi picha za harusi, pamoja na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Fedha ameziweka, nazo si nyingi. Lakini mwanawe mkubwa ashikilia kwamba kompyuta isiyo na kadi kubwa ya michoro haifai kitu. Je, nani ana haki?

Jawabu letu ni kwamba katika jambo hili baba ana haki, ingawa kijana naye hakusema upuuzi. Kadi kubwa hufaa kwa michezo ya kompyuta na kwa mafundi watengenezao filamu. Kutazama tu ni kazi nyingine. Video huhifadhiwa imekunjwa, mfano wa nguo sandukuni, na mashine huikunjua wakati wa kuionyesha. Mikunjo hiyo ina namna zake: H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya mwaka 2013, na AV1 ya mwaka 2018. Prosesa nyingi za siku hizi zina sehemu ndogo ndani yake iliyoumbwa kwa kazi hiyo khasa. Prosesa isiyoujua mkunjo fulani huufungua kwa nguvu. Basi hupata moto, feni ikavuma, na picha ikakatika-katika.

Kwa hivyo, ulizeni kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei. Zile za Intel Core za kizazi cha 7, zilizotoka mwaka 2016 na 2017, zaifungua H.265 bila taabu. AV1 ilikuja katika kizazi cha 11, mwaka 2020. Fahamuni pia kuwa Windows 10 ilikoma kutunzwa bure na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida yataka kizazi cha 8 au zaidi. Asiyeweza kufika huko atumie Linux, ambayo haina bei. Na programu za VLC na Kodi zafanya kazi humo vizuri.

Ramu ya gigabaiti 8 yatosha. Diski ya SSD, hata ndogo, iwe ya kuwashia mashine, na diski ngumu kubwa iwe ghala ya picha. Video iendayo kwa megabiti 5 kila sekunde huchukua gigabaiti 2.25 kwa saa. Basi terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 400. Ikiwa televisheni yenu ni ya 4K, tazameni tundu la HDMI liwe la namna ya 2.0, maana la 1.4 hupitisha picha 30 tu kwa sekunde katika ukubwa huo.

Sasa ile fedha ya kadi iende wapi? Kwanza, inunue UPS. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, na kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu. Mashine ikizimika ghafla wakati diski inaandika, yaliyomo huweza kuharibika. Pili, inunue diski nyingine ya nje, iwekwe nakala ya sauti za wazee, kisha ifungiwe kabatini mbali na mashine. Filamu ikipotea hutafutwa tena. Sauti ya marehemu haina duka.

Na kijana asivunjwe moyo. Baba amtume yeye dukani na faili ya H.265 katika flashi, aiombe mashine iwashwe na faili ichezwe dakika 10, huku akisikiliza feni. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Hivyo mwana atakuwa amechagua, baba atakuwa ameepuka israfu, na jioni wote watakuwa na sababu ya kukaa sebule moja.